Shule Niliyomchagulia Milembe

Jumatatu. Mvua imeanza asubuhi na haijakata. Si ile ya kupiga mabati mpaka mnashindwa kuongea, ni hii ya kunyunyiza tu, ya kumchosha mtu. Njia zote za mtaa wetu wa Kawajense, hapa Mpanda, zimekuwa tope. Nimefunga duka mapema, nimekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyangu vichafu, sina hata nguvu ya kuvivua.

Leo mchana mume wangu amepanda treni. Amekwenda kumwona mtoto. Au amekwenda kumchukua. Sijui, na nadhani na yeye hajui.

Naandika kwa sababu nikinyamaza nitapiga ukunga peke yangu humu ndani.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: Milembe ni binti yetu, na ndiye mtoto pekee tuliyejaliwa. Ana miaka minane. Hasikii. Homa kali ilimshika kabla hajaanza kutamka, akapona yeye, masikio hayakupona. Baba yake ni Masanja, Msukuma, kwao ni Kasansa huko Mpimbwe, wazazi wake walihamia na ng'ombe wao yeye akiwa mgongoni. Mimi nauza kwenye duka la dawa hapa mtaani. Sisi ni watu wa kawaida tu. Hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja tungegombana juu ya shule.

Nyumbani tulikuwa na maneno yetu ya mikono. Kugusa kipaji cha uso, pale ukingo wa kofia unapokaa, ni baba, kwa sababu Masanja havui kofia yake hata wakati wa kula. Kuvuta ncha ya sikio ni mimi, kwa ajili ya hereni zangu. Pembe mbili za vidole ni ng'ombe, na ng'ombe maana yake ni Kasansa, kwa babu na bibi. Kusugua tumbo ni njaa. Milembe ndiye aliyeyatunga karibu yote, sisi tulifuata tu.

Yalikuwa machache. Hatukuwa na neno la jana. Hatukuwa na neno la kesho. Hatukuwa na neno la kwa nini.

Tulimwandikisha shule ya msingi ya hapa karibu kama watoto wengine. Alipenda sare, alipenda kubeba begi, na asubuhi alikuwa anatutangulia mlangoni. Siku moja natoka kazini nikakuta Masanja amesimama nje na majirani, anawaonyesha ukuta wa nyumba yetu. Milembe alikuwa ameokota mkaa akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: Juma anacheza mpira.

"Nyie si mlisema huyu hatasoma?" Masanja aliwaambia, anacheka huku machozi yanamtoka. "Haya, someni wenyewe!"

Alikataza ukuta usifutwe. Aliupiga picha akamtumia kaka yake Kasansa amwonyeshe mama yao, ambaye sote tunamwita Mayu. Kwa siku kadhaa alitembea mtaani kama mtu aliyeoa upya.

Na mimi nilifurahi. Ila kulikuwa na mstari mmoja uliopinda, umeanzia juu ya lile neno Juma umeshuka mpaka chini, kama mzizi. Nilidhani mkono wake uliteleza.

Baadaye nikaenda shuleni kumwona mwalimu wake, Mwalimu Neema. Watoto walikuwa nje. Nikaingia darasani, nikatazama ubao. Ubao una ufa. Umeanzia juu, umepinda, umeshuka mpaka chini kama mzizi.

Nikakaa kwenye dawati la mtoto.

Milembe hakuandika kwamba Juma anacheza mpira. Milembe alichora ubao. Kwake herufi na ufa vilikuwa kitu kimoja, michoro tu ambayo watu wazima wanafurahi ukiiga. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba michoro ile inasema kitu. Na angeambiwa kwa lugha gani?

Mwalimu Neema aliniona, akaja akakaa kando yangu. Ni binti mpole, hajakaa sana kazini.

"Mama Milembe, nisikudanganye," aliniambia. "Namkalisha mbele, nampa chaki, nampenda sana. Lakini namkalisha tu. Lugha ya alama siijui, na darasa unaliona lilivyojaa. Mtafutie shule ya wenzake."

Namkalisha tu. Nilirudi na maneno hayo nyumbani kama mtu aliyebebeshwa jiwe.

Shule ya wenzake ipo. Unapanda treni mpaka Tabora, halafu basi tena. Ni ya bweni. Walimu wanafundisha kwa mikono, na watoto wanaongea kwa mikono darasani, bwaloni, hata wakigombania ndoo ya maji. Nilipopiga simu, matroni alinijibu vizuri, akaniambia nafasi ipo shule zikifunguliwa, ila nisichelewe, kwa sababu kadiri mtoto anavyokua bila lugha ndivyo inavyokuwa shida kuipata.

Wiki hiyo hiyo Mama Brayani, jirani yetu, alikuja dukani kununua dawa ya kikohozi. Akaegemea meza akaanza kulalamika kwamba amechanganyikiwa, hajui ampeleke Brayani shule ya Kiingereza ile yenye basi la njano au ile ya masista, zote nzuri, mume wake anataka hii na yeye anataka ile. "Lakini ndiyo uhuru wa mzazi, shoga yangu," alisema. "Mtoto wako, unamchagulia unachotaka."

Nilimpa dawa yake. Nilimweleza vijiko. Alipotoka niliingia nyuma ya rafu nikalia mpaka mteja mwingine akagonga kaunta.

Kwa sababu na mimi nilikuwa na uhuru huo. Nichague: mtoto akae nami na asijue chochote, au ajue na asikae nami.

Masanja alikataa tangu siku ya kwanza. Na nisimseme vibaya hapa. Si mtu wa kusema mtoto wa kike asisome, si mtu wa kuona aibu kwa sababu mtoto ni kiziwi. Hapana. Alikataa kwa mapenzi, na hilo ndilo linalonimaliza.

"Akiumwa tumbo atamwonyesha nani?" aliniuliza. "Wewe ukimwona amekunja uso tu unajua ni tumbo au ni kichwa. Wao watajuaje?"

"Watamfundisha kusema."

"Kwangu anasema. Mimi na yeye tunaelewana. Usiniambie mwanangu hasemi."

Nilimpeleka mpaka ukutani. Nikamwonyesha ule mstari, nikamweleza habari ya ufa. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani, na nikajua nimemnyang'anya kitu ambacho sitaweza kumrudishia.

Alikwenda Kasansa kumsaidia baba yake kwenye mpunga, mvua zilikuwa zimeanza vizuri. Shule zikakaribia kufunguliwa. Nilimpigia simu kila jioni. Kila jioni alisema bado anafikiri. Mara ya mwisho nikamwambia nafasi itachukuliwa na mtoto mwingine, nikapandisha sauti, na yeye akapandisha yake.

"Fanya unavyoona wewe!" akasema, akakata simu.

Nikafanya nilivyoona mimi.

Sasa anasema alikuwa amesema kwa hasira, na kwamba mke anayemjua mume wake alipaswa kujua. Huenda. Lakini mimi nilichoka kungoja maneno yaliyo bora zaidi ya hayo.

Milembe alifurahi kwenye treni kuliko nilivyowahi kumwona. Alishika nondo za dirisha, akaweka shavu kwenye ubao wa behewa asikie mtikisiko. Kila tukipita mifugo alinigeukia akanionyesha pembe mbili, macho yanawaka. Ng'ombe. Kasansa. Alidhani tunakwenda kwa bibi yake.

Nilitikisa kichwa, hapana. Akacheka. Alidhani namtania.

Ningemwambiaje? Nimejiuliza hili mpaka kichwa kinauma. Mama anayempeleka mtoto anayesikia humwambia: unakwenda shule, nitakuja likizo, usilie, nitakuletea karanga. Mtoto analia, lakini analia akijua. Wangu nilimpakia kwenye treni kama mzigo. Mikono yangu haikuwa na cha kumpa.

Shuleni matroni alitupokea mwenyewe. Ni mama mnene, mchangamfu, mikono yake haitulii. Alimwonyesha Milembe kitanda, shuka, ndoo. Akanivuta pembeni. "Usimtoroke," alisema. "Ukimtoroka atakutafuta nyuma ya kila mlango. Ondoka anakuona."

Nikapiga magoti mbele ya mwanangu. Nikaweka viganja shavuni: kulala. Tena: kulala. Tena. Halafu nikavuta ncha ya sikio langu, nikaonyesha njia, nikaonyesha pale alipokuwa amesimama. Utalala, utalala, utalala, halafu mama atakuja hapa. Nilirudia. Alinitazama kwa makini, anajitahidi, paji limekunjana. Halafu uso wake ukafunguka, ameelewa. Akalala chini kwenye saruji, akaweka kichwa juu ya viganja vyake, akafumba macho.

Alidhani namwambia alale.

Matroni akanigusa bega. Nikasimama nikaanza kutembea. Milembe alifumbua macho, akaniona naondoka, akainuka upesi, akachukua viatu vyake mkononi akanifuata. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Tunaondoka, basi tunaondoka wote. Pale getini ndipo matroni alipomshika.

Sijawahi kusikia sauti ile. Mtoto ambaye hajisikii akilia analia kwa mwili mzima. Lakini si sauti iliyonivunja. Ni mikono. Alijinasua mkono mmoja akawa anavuta ncha ya sikio lake, anavuta, anavuta, kwa nguvu, mpaka likawa jekundu.

Alikuwa ananiita.

Nami niligeuka nikapanda bodaboda.

Niliporudi Mpanda Mayu alikuwa ameshapata habari. Alinipigia kutoka Kasansa. Hakunitukana, bora angenitukana. Aliuliza tu kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kisukuma, "Mkamwana, mtoto umemwacha na nani?" Nikasema na walimu. "Walimu wana majina?" akauliza. Nikagundua najua jina moja tu.

Masanja alirudi siku iliyofuata, hata mpunga hakuumaliza. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani kwa Milembe, akakaa, akatoka. Tangu hapo, wiki baada ya wiki, tumeishi humu ndani kama wapangaji wawili. Napika, anakula, anasema asante. Nikimwambia naye alisema nifanye ninavyoona, ananitazama kama mtu anayenisikia kutoka ng'ambo ya mto.

Jana, Jumapili, baada ya kanisa, matroni akapiga simu ya picha. Ndiyo mara ya kwanza tangu nimwache. Alikuwa amenizuia kumpigia mtoto mapema, alisema ningemvuruga. Nikamwita Masanja, akaja mbio, tukabanana mbele ya kioo kidogo cha simu.

Milembe alitokea. Amenyolewa nywele. Amekonda kidogo, au ni mwanga. Alinitazama mara moja tu, akageuza uso.

Nilivuta sikio langu. Nilivuta tena. Aliangalia chini.

Masanja akavua kofia, akaivaa, akaivua, akaivaa. Ndipo Milembe akainua macho. Hakutabasamu. Kando yake alikuwa amekaa msichana mwenzake, mkubwa kidogo. Milembe akamgeukia. Na mikono yake ikafanya kitu ambacho sijawahi kukiona.

Ilikuwa haraka. Haikuwa kofia, haikuwa sikio, haikuwa pembe za ng'ombe. Yule msichana akatazama simu, akamjibu kwa mikono. Milembe akamjibu tena.

"Anasema nini?" Masanja aliuliza. "Matroni, amesema nini huyo?"

Matroni alikuwa nyuma ya simu, tulisikia sauti yake tu.

"Amemwambia mwenzake, huyu ni baba," alisema. "Halafu mwenzake amemuuliza, na yule? Akasema..." Akasita. "Akasema, mama aliondoka."

Simu ikaisha pale pale, mtandao au matroni mwenyewe, sijui.

Hatukusogea. Sikumbuki ni nani aliyeanza kulia.

"Umesikia alichosema?" Masanja aliniuliza. "Mama aliondoka. Hicho ndicho anachokijua. Hicho ndicho umemfundisha."

"Amesema, Baba Milembe." Nilimshika shati. "Amesema! Ameulizwa swali, akajibu. Lini mwanao aliwahi kuulizwa swali akajibu? Ameongea habari za jana! Sisi hatukuwa na neno la jana humu ndani!"

"Analia moyoni, na wewe unahesabu maneno."

"Analia, najua analia! Lakini sasa ana mtu wa kumwambia."

Alitoa mikono yangu kwenye shati lake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akasema kesho anapanda treni. Nikamuuliza kwenda kufanya nini. Akasema, "Na mimi ni mzazi. Wewe ulichagua peke yako. Acha na mimi nikaone kwa macho yangu, nichague."

Ningesemaje? Kwamba uhuru ni wangu tu?

Leo nimemsindikiza stesheni. Hakuniomba, nilimfuata tu, tukiwa chini ya mwavuli mmoja na hatuongei. Alibeba begi dogo na mfuko wa karanga alizozituma Mayu. Nilitazama begi lile kama mwendawazimu, nikijaribu kukisia: mtu anayekwenda kumchukua mtoto hubeba nini? Mtu anayekwenda kumtembelea hubeba nini? Begi halikusema kitu.

Kabla hajapanda akanigeukia.

"Akinishika nguo," aliniuliza, "nitaweza kweli kumwacha?"

Aliniuliza mimi. Nadhani alitaka kweli kujua, kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kufanya hivyo.

"Sijui," nikamwambia. "Mimi niliweza, na tangu siku hiyo sijawa sawa."

Akaitikia kwa kichwa. "Nikiona anasoma kweli, nitajaribu," akasema. "Nikiona wanamkalisha tu, narudi naye."

Hilo ni la haki. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini namjua Masanja. Namjua atakavyokuwa Milembe akigusa paji la uso na kumkimbilia. Hataangalia darasa, hataangalia ubao wala mikono ya walimu. Atamwinua tu. Na mtoto atarudi Kawajense amefurahi, atapokewa na majirani, Mayu atatuma kuku, na mimi nitamkumbatia nusura nimvunje mbavu. Na maneno yale ataanza kuyasahau moja moja, kwa sababu humu ndani hakuna wa kumjibu.

Kuna wakati leo nimejiambia afadhali arudi. Nimelala na nguo yake ya kanisani usoni, nimesema basi, arudi, na asijue kusoma, wangapi hawajui kusoma na wanaishi. Halafu namwona tena anamgeukia yule msichana, anamjibu. Alikuwa na jambo lake moyoni na akapata mahali pa kuliweka. Lilikuwa jambo la kunishtaki mimi. Sawa. Nilikubali kushtakiwa.

Treni ilipoanza kutembea Masanja alikaa dirishani, hakupunga mkono. Nilisimama mpaka behewa la mwisho likapotea kwenye mvua. Wachuuzi wakafunika vitu vyao, watu wakatawanyika, na mimi nikabaki pale nimekunja mikono, nikaanza kuomba, midomo inatembea kabla sijajua naomba nini.

Niliomba mume wangu arudi peke yake.

Mwanangu ananililia, na mimi namwomba Mungu asimlete nyumbani. Mama gani anaomba hivyo?

Nimeomba tena sasa hivi.